Sinema Bubu za Alhamisi

Kitu cha kwanza wanafunzi wangu walichofanya nilipowaonyesha sinema isiyo na sauti ni kutaka kuitengeneza. Sikuwa nimemaliza hata kuvuta pazia. Vijana wawili wa umeme waliinuka bila kuulizwa. Mmoja alipiga magoti nyuma ya spika, mwingine akafuata waya hadi ukutani, wakaanza kubishana kama tatizo liko kwenye waya au ndani ya spika yenyewe. Niliwaambia wakae. Yule aliyepiga magoti akanijibu kwa upole, kama anayemtuliza mgonjwa.

"Madam, tulia tu. Hii spika imehalibika kidogo, si sana."

"Haijaharibika," nikasema. "Sinema yenyewe ndiyo haina sauti. Zamani zilikuwa hivyo."

"Ati haina?"

"Haina."

"Sasa si tutajuaje wanasema nini?"

Nikamwambia hilo ndilo somo la leo, na akarudi kitini akiitazama spika kwa huruma.

Nafundisha somo la mawasiliano katika chuo kimoja cha ufundi hapa Kitale. Ni somo ambalo kila mtu lazima alipite na hakuna anayelitaka. Wa umakanika wanataka injini zao, wa upishi wanataka jiko, wa ushonaji wanataka cherehani, na mimi nabaki na saa nane ya Alhamisi, baada ya githeri ya mchana, saa ambayo hata mwalimu angelala akipata pa kuegemea. Nilikuwa nimechoka kuandika ubaoni kwamba mwili nao husema. Niliona afadhali wauone ukisema.

Sinema hizo nilizijua kwa bahati. Niliwahi kuvunjika mguu nikakaa nyumbani, nikawa msumbufu kama mbu, na binti yangu akanijazia flashi ya vichekesho vya zamani ili nimwache apumue. Nilicheka peke yangu mpaka jirani akaja kuuliza nimepata mgeni gani. Nikajiambia, kama mimi mwenye mguu wa plasta nimecheka, watoto wenye miguu yao mizima watashindwaje?

Walishindwa. Katika sinema ile kulikuwa na mwanamume mwembamba, tai shingoni, ametumwa kutundika kibao juu ya mlango wa duka. Anaegemeza ngazi, anapanda, ngazi inateleza, anashuka nayo hadi chini na kibao kinamfuata kichwani. Mimi nilikuwa nimeshaanza kucheka kabla hajafika chini. Darasa zima likasema kwa pamoja, "Pole!"

Akapanda tena, akaanguka tena. "Wuui, pole baba!" Msichana mmoja alifunika macho. Kijana wa umeme, yuleyule wa spika, akainua mkono kuuliza ni nani alikuwa anamshikia ngazi, kwa sababu wao hawaruhusiwi kupanda bila mtu wa chini. Kisha ikaja sehemu ya kurushiana keki, nikawaza, hapa sasa lazima. Wapishi wakalalamika kama wamefiwa. Siagi yote hiyo! Mayai yote hayo! Mwenye duka amewakosea nini?

Nikazima projekta. Nina hasira za karibu, hilo wanaonifahamu watakuambia.

"Hivi ni vichekesho!" nikapiga kelele. "Mnatakiwa kucheka!"

Kiranja wa darasa, binti wa upishi ambaye Jumapili hufundisha watoto kanisani, akauliza bila ujeuri wowote, "Tucheke na mtu ameumia?"

"Hajaumia, anaigiza."

"Lakini ameanguka, Madam. Sisi wote tumeona."

Ukweli ni kwamba mimi mwenyewe nililelewa hivyo, kule Bokoli. Kwetu mtu akijikwaa njiani, aliye ng'ambo ya barabara humwambia pole, ingawa jiwe si lake na mguu si wake. Ukicheka, mama anakufinya, na akishakufinya anakusomea: mcheka kilema hafi bila kumfika. Watoto hawa walikuwa wamelelewa vizuri, na nilikuwa nawagombeza kwa hilo.

Ni mmoja tu aliyecheka. Alikaa karibu na dirisha, kijana wa umakanika kutoka Chwele, ambako mama yake huuza vitunguu sokoni. Alicheka mdomo umefungwa, mabega yakipanda na kushuka. Nilimjua kwa sababu moja: alikuwa na kigugumizi, na kigugumizi chake hakikuwa cha mchezo. Nikiita majina, yeye huinua mkono tu. Niliwahi kumwita mbele aeleze kazi ya karakana. Alisimama, neno likakwama, na darasa likamwangukia kwa wema. Pole, pole. Tulia. Mpeni maji. Jirani yake akamalizia sentensi kwa niaba yake, akaimalizia vibaya: mwenzake alikuwa anatafuta "kabureta", yeye akamwekea "kanisa". Kijana akaitikia kwa kichwa, kwamba ndiyo, kanisa, akarudi kukaa. Akabaki kuwa mtu aliyesimama mbele ya wenzake kueleza jinsi ya kusafisha kanisa la pikipiki.

Siku hiyo ya sinema alibaki kunisaidia kukunja waya. Nikamuuliza ni nini kilichomchekesha. Sitaandika jinsi maneno yake yalivyokatika, maana yeye mwenyewe hapendi. Ilimchukua muda. Mvua ya Kitale ya alasiri ilianza kupiga mabati, na kila mara ilipozidi tulingoja ipungue. Alichosema ni hiki:

"Huyo jamaa akianguka, hakuna mtu anamkimbilia. Anaamka mwenyewe, ananyoosha tai, anarudi kwa kazi. Mimi, Madam, wakishasema pole, basi. Neno langu linarudi ndani na halitoki tena hiyo siku."

Nilikwenda nyumbani nikiwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani. Huwezi kumkasirikia mtu kwa kukuambia pole.

Alhamisi iliyofuata nilitunga sheria. Ndani ya chumba hiki, nikasema, pole ni marufuku mpaka kengele. Atakayeisema atafuta ubao. Kiranja alikuwa wa kwanza kufuta ubao, akafuatwa na fundi wetu wa umeme, yule wa spika, kisha kiranja tena. Lakini safari hii nilikuwa nimechagua kwa akili. Nilileta sinema ambayo mwanamume anaambiwa na mkewe amkamate jogoo kwa sababu wageni wamefika mlangoni.

Hapo walijiona wako kwao. Hakuna mtu aliyezaliwa upande wetu ambaye hajawahi kumkimbiza jogoo wa wageni. Jogoo alipopita katikati ya miguu ya yule bwana nikasikia mtu akisema, "Mzungushie upande wa jikoni!" Jogoo akapanda paa. "Ha! Nilijua!" Bwana akapanda naye. Wageni wako mlangoni wanatabasamu, mke anawatabasamia, na nyuma ya kichwa chake suruali ya mumewe inaning'inia kwenye mfereji wa paa. Kiranja aliweka daftari mdomoni. Daftari halikutosha. Kilichotoka kilikuwa kicheko cha mwanamke mzima wa sokoni, na darasa lote likapasuka nyuma yake. Fundi wa umeme alitoka nje kabisa, akasimama barazani ameshika tumbo, kisha akarudi mbio asije akakosa yaliyobaki.

Nilifurahi mno. Sina namna nyingine ya kulisema.

Tangu hapo Alhamisi ilijaa. Walikuja hata wasiokuwa wa somo langu, wakabeba viti kutoka jikoni. Wengine walizoea kumpigia yule bwana kelele za ushauri, wengine walikuwa na vicheko vyao maalumu ambavyo nilivitambua nikiwa nimeelekea ubaoni. Na kijana wa Chwele akapata kazi. Sinema ikiisha alikuwa anasimama mbele na kuirudia kwa mwili wake, kisha anaongeza ya kwake: fundi anayetafuta boliti iliyoanguka ndani ya injini, mteja anayetaka pikipiki yake iishe jana, mwalimu wa mawasiliano akitafuta miwani iliyo kichwani mwake. Hiyo ya mwisho sikuipenda, lakini nilicheka.

Kigugumizi hakikuisha. Sikuwa namtibu, na simwamini mtu anayesema amemtibu mtu kwa sinema. Kilichobadilika ni wenzake. Neno likimkwama, walimtazama usoni na kungoja, bila kumletea maji. Siku nyingine yeye mwenyewe aliligeuza likawa mchezo, akachungulia ndani ya mkono kama anayelitafuta neno kwenye mfuko wa koti, na wakacheka pamoja naye, na likatoka. Siku nyingine halikutoka, na akaandika ubaoni.

Muhula ukielekea kuisha alikuja ofisini. Alifunga mlango, nikajua si jambo la alama.

Kulikuwa na msichana wa ushonaji, kwao Malakisi. Walikuwa wamependana, wamekubaliana, na imefika wakati wa yeye kwenda kujitambulisha kwa wazazi. Baba wa kijana alikuwa amekwishafariki, kwa hiyo msemaji angekuwa baba yake mdogo, mtu anayejua maneno. Kwa kawaida hilo lingetosha. Msemaji anasema, wazee wanajibizana naye kwa mafumbo, kijana anakaa ametazama viatu vyake mpaka kuku aletwe. Lakini baba wa msichana alikuwa amesikia maneno ya watu. Alituma ujumbe: msemaji mumlete, sawa, ila na kijana nataka kumsikia. Siwezi kumpa binti yangu mtu ambaye sijui sauti yake. Asimame mwenyewe aseme jina lake na la baba yake.

"Na asipotosheka?" nikauliza.

Binti alikuwa ameshamwambia wazi. Hatatoroka kwao. Baba akikataa, yamekwisha.

Jina lake mwenyewe ndilo neno lililomshinda kuliko yote. Watu wenye kigugumizi wengi watakwambia hivyo. Neno lingine unaweza kulikwepa ukachukua jirani yake, lakini jina halina jirani. Akaniomba niende nao, nikae upande wao kama shangazi.

"Kwa nini mimi?"

Alifikiri. "Madam, wewe unajua kungoja."

Mimi! Watoto wangu wangesikia hivyo wangeangua kicheko hadi Webuye. Nikamwambia nitakuja.

Tulikutana Bungoma mjini Jumamosi asubuhi. Mama yake alikuwa na kilemba kipya na gunia dogo la vitunguu vilivyochaguliwa kimoja kimoja. Baba mdogo alivaa suti ya harusi ya zamani na alikuwa ameshaanza kutoa hotuba kabla gari halijaondoka. Kijana alivaa shati jeupe. Njia nzima mama yake alitazama dirishani tu, akishika na kuachilia mdomo wa gunia.

Tulipokewa vizuri, hilo siwezi kulikana. Boma lilikuwa limefagiliwa hadi barabarani. Nyuma ya nyumba lilisimama banda la kukaushia tumbaku, kuukuu, siku hizi limejaa mahindi. Tulikaribishwa sebuleni, wenyeji upande mmoja, sisi upande mwingine, tukaombewa sala ndefu, tukapewa soda. Baba wa msichana alikuwa mtu mkubwa, mtulivu, mikono mipana. Kando yake ndugu zake wawili, mmoja wao mwenye shamba la mboga za sukuma wiki kando ya mto. Bibi wa msichana, ambaye wote walimwita kukhu, alikaa kwenye kiti cha chini karibu na mlango. Msichana mwenyewe hakuonekana, lakini tulisikia vikombe jikoni.

Baba mdogo alisema vizuri. Tumepita njia, tukaona ua, tukauliza ni la bustani gani. Wenyeji wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Kisha baba wa msichana akainua mkono.

"Ndugu yangu, wewe nimekusikia. Sasa huyu kijana mwenyewe. Simama, sema jina rako."

Akasimama.

Neno halikuja. Niliona shingo yake ikikaza, kidevu kikisukuma, macho yakifumba. Niliwahi kumwona amekwama mara nyingi, lakini si hivi. Wale ndugu wawili wakatazama sakafu, kwa adabu. Mama yake akashika kitambaa mdomoni. Halafu kukhu, kwa sauti ya huruma ya kweli, akasema, "Pole, mwanangu, pole. Mpeni maji." Shangazi mmoja wa upande wa wenyeji akainuka kwenda kuyachukua. Baba mdogo akafungua mdomo ili amtajie jina, nikamvuta koti kwa nguvu hata akakaa bila kupenda. Nilidhani nimefanya vibaya. Baba wa msichana alikuwa ameanza kutikisa kichwa polepole, kwa masikitiko, na nilijua kichwa kile kikimaliza kutikisika hakuna atakayekirudisha. Nilitaka kulia, na nilitaka kumpiga mtu, sijui nani.

Kijana akafunga mdomo. Akafumbua macho. Akatazama sakafu mbele yake, kama mtu aliyekumbuka kwamba kumbe kuna kitu pale. Akainama, akakipangusa vumbi. Akafungua kifuniko, akachungulia ndani, akakitikisa kidogo kusikia kama kuna mafuta. Akafunga. Akaweka mguu mmoja juu yake, akashika kamba, akavuta.

Ikawa pampu ya maji. Hakuna aliyehitaji kuambiwa.

Haikuwaka. Akavuta tena, haikuwaka. Akatugeukia na uso wa mtu ambaye pampu imemwaibisha mbele ya majirani. Akapiga magoti, akafungua plagi, akaipuliza, akaifuta kwenye suruali yake mpya, akairudisha, akaikaza. Akavuta. Bado. Shangazi wa maji alikuwa amesimama katikati ya chumba na kikombe chake, amesahau anampelekea nani.

Yule ndugu mwenye shamba la kando ya mto alikuwa ameanza kujisogeza kwenye ukingo wa kiti. Alijizuia, akajizuia, kisha ikamshinda.

"Si uvute choki, bana!"

Jikoni kikasikika kicheko. Msichana alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na sinia, hakuweza kukificha, vikombe vyote vikilia. Kukhu akageuka kumtazama, akatazama kijana, akaanza naye, kicheko cha bila meno, akijipiga goti. Kijana akamwashiria yule mwenye shamba kwamba ahsante, akavuta kijiti cha choki kwa vidole viwili, akapangusa viganja, akashika kamba, akavuta kwa mwili wake wote.

Ikawaka. Mabega yakatetemeka, magoti yakatetemeka, mashavu yakatetemeka, na katikati ya mtetemeko huo likatoka jina lake, zima, kwa sauti ambayo hata mimi sikuwahi kuisikia. Akalisema mara ya pili, kwa kuwa sasa lilikuwa linatoka.

Walicheka wote. Shangazi akanywa yale maji mwenyewe. Mama yake alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja, na baba mdogo akaanza kunieleza kwamba huyu kijana tangu utotoni ana kipaji, jambo ambalo nina hakika alikuwa amelijua dakika hiyohiyo. Mimi nilitafuta leso kwenye mkoba na sikuiona, nikatumia kitambaa cha meza.

Baba wa msichana ndiye aliyechelewa kunyamaza. Alifuta macho kwa kiganja, akapumua, akamtazama yule kijana aliyesimama mbele yake, jasho likimtiririka, shati jeupe limetoka nje ya suruali.

"Haya," akasema. "Hiyo ni sauti. Nimesikia. Na jina ra baba yako?"

Kijana akavuta pumzi. Niliona kidevu kikianza tena kusukuma. Mara hii hakuna aliyetazama sakafu na hakuna aliyeinuka. Baba wa msichana akaegemea kiti, akamwashiria binti yake amimine chai, akakunja mikono yake mipana juu ya tumbo kama mtu mwenye siku nzima.

"Usihalakishe," akamwambia. "Vuta tena, mwanangu."